Siku Demo Yangu Ilipomtoa Baba Kitini

Jamani, kuna aibu za kawaida, zile za kumwamkia mtu shikamoo kumbe ni rika lako, au kuingia kanisani sweta umeligeuza nje ndani, hizo zinapita, mnacheka, mnasahau. Yangu mimi ilionyeshwa ukutani, kubwa kuliko mlango wa gereji, ya rangi na yenye sauti, mbele ya watu niliokuwa nawaomba kazi na mbele ya baba yangu mzazi. Mpaka leo nikiona projekta masikio yanapata moto. Nimeamua niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wengine wanaongeza chumvi (kuna mtu Mbalizi huko anasema nilivaa mpaka suruali ya baba, si kweli, lilikuwa koti na kofia tu).

Mimi, kwa asiyenijua, naitwa Atupele, naishi Uyole, Mbeya, kwa wazazi wangu bado, na kazi yangu ni kuchora katuni. Si zile za gazetini zilizotulia, hapana, ni zile zinazotembea. Nilikuwa nauza kwenye duka la steshenari, kuna kompyuta pale, wateja wakipungua najifunza mwenyewe kwa kuangalia wenzetu mtandaoni, mpaka siku moja nikachora kifaranga, picha baada ya picha, nikabonyeza, na kile kifaranga kikapepesa macho. Nawaambia ukweli, niliondoa mkono kwenye kompyuta kama nimeshika pasi. Kitu nilichokichora mimi, kilichokuwa mistari tu, kimeniangalia! Nikabeba picha ile nyumbani kwenye simu, mama akaiona, akaziba mdomo, akasema, "Atu, kimenitazama mimi." Tukakaa pale jikoni tunakiangalia kikipepesa, kikipepesa, ugali ukaungua. Nikaacha duka.

Baba sasa. Baba yangu alikuwa dereva wa malori makubwa, Tunduma mpaka Dar na kurudi, maisha yake yote ya ujana na ya utu uzima, mpaka mguu wa kushoto ulipokataa klachi. Mguu ule uliumia kwenye mteremko wa Kitonga nikiwa mdogo sana. Sisi nyumbani tulijua hivyo tu, kwamba "baba aliumia Kitonga", na yeye hakuwahi kuongeza neno, na nyumbani kwetu mtu asipoongeza neno hamuulizi. Ni mtu wa maneno machache na hayo machache mengi yalikuwa ya kunihoji mimi: hiyo kazi ni kazi? Anayelipa ni nani? Analipia nini hasa, panya anayecheza?

Basi nikapata taarifa kwamba umoja fulani wa wasafirishaji wa mizigo wa huku kwetu nyanda za juu wanatafuta mtu wa kuwatengenezea katuni za usalama barabarani, zionyeshwe kwenye runinga za vile vituo madereva wanapopumzika na kula. Kila mwombaji aje Iringa, kwenye ukumbi, aonyeshe demo yake mbele ya kamati na mbele ya madereva wenyewe. Demo, kwetu sisi watu wa fani, ni ile video fupi unayounganisha vipande vya kazi zako bora, mteja aone unaweza nini. Na demo ina sheria zake. Iwe fupi, maana mteja ana mambo mengi. Kizuri kuliko vyote kikae mwanzo, usimwekee mtu akiba, atakuwa ameshatoka kwenda kupokea simu. Kibaya hata kama unakipenda kitupe. Na jina lako lionekane. Mimi nilikata kweli, nikakata na nikaumia, nikakitupa mpaka kile kifaranga cha kwanza (nilikiomba radhi), nikabaki na kiazi mviringo kinachocheza cha tangazo la mwenye kibanda cha chipsi, na meno yanayoimba, na kuku wa nyimbo za watoto wa Sunday school. Lakini yote hayo yalikuwa ya kuchekesha, na hawa watu walitaka malori.

Ndipo nikachora mzee dereva. Anashuka kwenye lori, anazunguka anagonga matairi kwa fimbo asikilize upepo, anafuta taa ya mbele kwa mkono wa koti lake, anaondoka. Basi, hicho tu. Ila kumfanya mtu wa mistari atembee kama mtu ni kazi, mwili una siri nyingi, kwa hiyo sisi tunafanya hivi: unajirekodi mwenyewe ukiigiza, halafu unaiangalia ile video huku unachora. Sasa mimi nimemwona dereva mmoja tu wa karibu maisha yangu yote. Siku baba alipokwenda shambani nikachukua koti lake na kofia yake, nikapanda juu ya meza (ndiyo kichwa cha lori hicho), nikaweka ndoo za mama zimepinduliwa chini (ndiyo matairi hayo), nikachukua mwiko mkubwa, nikawasha kamera, nikawa baba. Nilishuka kinyumenyume kama anavyoshuka yeye, mguu wa kushoto unatangulia, dole gumba linatafuta chini, linagusa, linajitoa, linagusa tena, ndipo mwili unafuata. Nikatembea na bega limetangulia. Na kwa sababu nilikuwa peke yangu, na mtu akiwa peke yake shetani anakuwa naye, nikaanza na kuongea kama yeye.

Video ile ikanisaidia kuliko nilivyotegemea. Nilipomaliza kuchora nikabonyeza nikamwona yule mzee wa mistari akishuka kwenye lori lake, na nywele zilinisimama, sikuwa nimemchora baba kwa sura, sura ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ana ndevu na tumbo, lakini alikuwa baba. Nilijikuta nimeinuka kitini kumpisha, kama vile ameingia chumbani.

Sasa sikilizeni nilipojichongea. Kwenye programu ya kuhariri, picha zinapangwa moja juu ya nyingine kama mashuka kitandani, na kila shuka lina alama ya jicho pembeni: ukiibonyeza shuka linaonekana, ukiibonyeza tena linajificha. Ile video yangu ya kuigiza ilikuwa shuka la juu kabisa, nimeificha, wala haimsumbui mtu. Demo ilishakamilika, nimeitazama mpaka nimeikariri. Asubuhi ya safari, nimeshavaa, baba yuko nje anasema gari litatuacha, nikaona jina langu mwishoni limeandikwa kwa rangi ya machungwa, nikajiambia machungwa yanaonekana ya kitoto, ngoja niweke nyeupe. Rangi tu, wapendwa! Nikafungua, nikabonyeza bonyeza, nikabadilisha, nikaitoa upya, nikaiweka kwenye flashi. Sikuitazama tena. Ningeitazama ya nini, nimeshaiona mara zote hizo?

(Mtauliza baba alikuwa anakwenda wapi. Alikuwa anakwenda na mimi. Alisema tu juzi yake, wakati tunakula, "Hao wa malori nitawajua. Nataka nimwone mtu anayelipia picha." Mama akanikonyeza nikubali. Nilikubali, na moyoni nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, kwa sababu mimi nilijua kwamba siku ile si kamati tu itakayoniamulia. Kama nikishindwa mbele yake, ningerudi dukani kuuza kalamu, na nisingekuwa na la kumjibu.)

Njiani baba alikaa dirishani, alikuwa anayahesabia makosa magari yote tuliyopishana nayo, namsikia anaguna tu. Tulipopita Mafinga ukungu ulikuwa umelalia misonobari mpaka unaona ncha tu, zimesimama juu ya weupe kama hazina miguu, na nikamwona baba naye anaangalia, na nikafikiri huyu mtu ameiona barabara hii mara ngapi na bado anaiangalia hivi. Nikajisikia vizuri. Nikasema moyoni leo ni siku yangu.

Ukumbi, jamani. Mimi nilidhani chumba cha mkutano, kumbe ni ukumbi wa harusi, dari juu kule, na ukuta wa mbele wote umetandikwa kitambaa cheupe. Nilisimama mlangoni nimeshika flashi yangu nikaangalia kile kitambaa, nikafikiria yule mzee wangu niliyemchora kwenye kioo kidogo cha laptopu atasimama pale akiwa mkubwa kuliko nyumba yetu. Viti vimejaa. Upande mmoja madereva, wengi watu wazima, kofia magotini, mbele kamati, na pembeni washindani wangu, vijana kutoka Dar wamevaa fulana zinazofanana, wana hata maji yao ya chupa yenye nembo yao.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mwenye malori yake mwenyewe, wanamwita Mama Kalinga, sauti nene, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Akanipokea kwa mikono miwili, "Kamwene, binti. Na huyu ni baba? Shikamoo mzee wangu. Mzee akae mbele, msimkalishe nyuma." Baba akapelekwa safu ya kwanza, katikati kabisa. Mimi nikampa flashi yule kaka wa mitambo aliyekuwa na meza yake nyuma kabisa ya ukumbi, nikapanda mbele nikajitambulisha vizuri tu, nikasema na maneno niliyojifunza mbele ya kioo kabla ya kuja, nikasema, "Kipande cha kwanza ni heshima yangu kwa madereva wetu. Nilijitahidi kuuweka ukweli mtupu. Karibuni."

Taa zikazimwa.

Kwenye ule ukuta wote nikatokea mimi.

Mimi, juu ya meza ya kulia chakula, na koti la baba, na kofia ya baba, khanga kiunoni, mwiko mkononi. Kwa sekunde ya kwanza sikuelewa, niliona tu mwanamke mkubwa sana nikajiuliza huyu ni nani anafanana na shangazi. Halafu yule mwanamke akaanza kushuka mezani kinyumenyume, makalio yanatangulia kwa wateja, khanga ikakamatwa na kona ya meza ikabaki juu, na mimi nikashuka na bukta ya mpira ya mdogo wangu yenye namba nyuma. Ukumbi ukalipuka. Walicheka wale madereva, walicheka mpaka wanapigana mabega, kijana mmoja wa Dar alimwagikiwa na maji ya nembo. Na hapo bado sauti haijaanza.

Sauti ikaanza. Kumbukeni ni ukumbi wa harusi, spika zake ni za kuita watu wachukue chakula. Nikajisikia nikikohoa kama baba, nikigonga ndoo ya mama kwa mwiko, ngo, ngo, halafu kwa ile sauti yake ya chini:

"Atupele mwanangu. Wenzako wanajenga, wewe unachora panya."

Ngo, ngo.

"Atupele. Umri huu wenzako wana watoto, wewe una laptopu. Utaibeba mgongoni?"

Na kutoka mbali, kwenye video hiyohiyo, sauti ya mama, "Atu! Nani anagonga ndoo zangu?"

Watu walikuwa wanalia kwa kicheko sasa. Na mimi nilikuwa naangalia kichwa kimoja tu, cha safu ya kwanza katikati, kichwa cha baba, na hakikutikisika. Kilikuwa kimetulia kama lile jiwe kubwa la Gangilonga hapo Iringa. Waliokaa karibu naye walianza kumwangalia yeye, wakaangalia kofia ya ukutani, wakaangalia kofia iliyo gotini kwake, ni ileile, na nikaona wale wa karibu wanaacha kucheka mmoja mmoja, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Mtu mwenye akili angepaza sauti, "Kaka, zima." Mimi nilikimbia. Nikakimbilia projekta iliyokuwa kwenye stuli katikati ya ukumbi, nikafikiri nitaiziba kwa mwili, nikasimama mbele yake na mikono nimetanua, na kilichotokea ni kwamba picha yote sasa ikanivaa mimi: niko pale nimesimama na mimi mwingine anashuka kifuani kwangu. Nikarudi nyuma kwa kuona haya, kisigino kikanasa waya, na waya ulikuwa wa spika. Kikalia kitu kama trela linakatika, paa! halafu kimya. Nikaanguka nimekaa chini, katikati ya viti, kiatu kimoja sijui kilikokwenda. Yule kaka wa mitambo akaacha meza yake akaja mbio kuangalia spika zake, hakuja kuniangalia mimi, na simlaumu. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuizima picha. Picha ikaendelea bila sauti.

Na hapo ndipo ile video ya kuigiza, niliyoifunua asubuhi kwa kubonyeza lile jicho bila kujua, ikaisha. Nilikuwa nimejirekodi kwa ufupi kuliko nilivyochora, unaona, kwa hiyo lile shuka la juu likafika mwisho wake na chini yake akabaki yeye, mzee wangu wa mistari. Alikuwa amefika kwenye taa ya mbele ya lori. Akavuta mkono wa koti kwa vidole, akaifuta ile taa, polepole, akarudi hatua moja akaiangalia kama mtu anavyomwangalia ng'ombe wake, halafu akageuka akaondoka, na bega lake, na mguu wake, akaenda mpaka akawa mdogo akapotea barabarani.

Ukumbi ulinyamaza. Sijui niwaelezeje kile kimya, sijawahi kukisikia tena. Watu waliokuwa wanacheka na midomo iko wazi waliiacha wazi hivyohivyo. Nami nikiwa sakafuni, na soksi moja nje, nilikuwa nakiangalia nilichokichora kana kwamba nimekuja kukiona kama wao.

Halafu kikaja kiazi kinachocheza, na yule kaka akakumbuka meza yake akazima.

Taa zikawashwa. Mama Kalinga alikuwa amevua miwani anaifuta. Akafungua mdomo aseme kitu, akaufunga, kwa sababu baba alikuwa amesimama.

Nilijua anaondoka. Nilijua atapita mlango ule na kunyamaza kwake kutaanza pale na hakutaisha. Lakini hakuelekea mlangoni. Alitembea kuelekea kwenye kitambaa cheupe, na ule ukumbi mzima ukamwona akitembea, na hakuna aliyehitaji kuambiwa chochote: bega lile, mguu ule, walikuwa wametoka kuuona muda si mrefu ukitembea ukutani. Dereva mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Mungu wangu. Ni yeye." Baba akafika mbele, akakigusa kitambaa kwa kiganja, pale alipopotelea yule mzee, kama anatafuta joto.

"Atu," akaita, bila kugeuka.

"Abee, baba."

"Unaye mwanzo wake huyu? Anaposhuka?"

"Ninaye, baba. Kwenye laptopu."

"Hebu mlete."

Nikainuka, na kiatu kimoja, nikatoa laptopu yangu kwenye begi nikaenda kuifungua kwenye meza ya yule kaka, nikaandika neno la siri vibaya mara kadhaa, nikamtafuta yule mzee wa peke yake, msafi, bila shuka juu. Taa zikazimwa tena. Baba hakurudi kitini, alibaki palepale mbele, pembeni ya kitambaa, kichwa kimeinuliwa. Na mlango wa lori ukafunguka, ukatoka mguu wa kushoto, mkubwa, ule mguu ulikuwa na urefu wa baba mwenyewe. Dole likatafuta chini. Likagusa. Likajitoa. Likagusa tena.

"Simamisha," baba akasema.

Nikasimamisha.

Akauangalia ule mguu muda mrefu. Alipoongea hakuwa anaongea na kamati, wala na mimi, sijui alikuwa anaongea na nani, lakini spika zilikuwa zimekufa na ukumbi umetulia, kila mtu alimsikia.

"Mimi sijawahi kujiona nikishuka," alisema. "Mtu hajioni. Nilidhani nashuka kama watu. Siku ile pale Kitonga breki zilikataa, nikalibana lori kwenye ukingo wa barabara, likasimama. Nikamshukuru Mungu, nikafungua mlango, nikashuka. Chini hapakuwa na chini. Kichwa cha gari kilikuwa kinaning'inia. Niliukanyaga upepo." Akanyoosha kidole kwenye ukuta, kwenye dole lile kubwa. "Tangu siku ile hata nikishuka kitandani natafuta kwanza. Nilidhani hakuna anayejua."

Na mimi sikujua! Hilo ndilo linalonitetemesha mpaka leo, wenzangu. Sikujua chochote. Nilikuwa nimeuona ule mguu tangu utoto, nikaunakili kama mtoto anavyonakili ubaoni neno asilolijua, kila herufi mahali pake, halafu nikaupeleka kwa watu wanaojua kusoma. Kwenye zile safu za madereva mzee mmoja alisimama, akasimama na mwingine, hawakupiga makofi, walisimama tu kama maiti au bendera inapopita, na mimi nilikuwa nyuma ya meza nimeuma mkono wa nguo yangu nisitoe sauti.

Mama Kalinga ndiye aliyetuokoa. Alivaa miwani, akasema, "Mzee wangu, kaa upumzike. Na wewe binti, katafute kiatu chako." Watu wakacheka tena, kicheko kingine kabisa.

Sitawadanganya kwamba nilipewa kazi yote palepale na tukabebwa juu. Kazi kubwa walipewa wale vijana wa Dar, na demo yao ilikuwa safi, fupi, haina mtu anayeshuka mezani. Mama Kalinga aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka, "Mkono unao. Utaratibu huna. Mtu anayeniletea faili hajalifungua, kesho ataniletea na lori halijakaguliwa." Nikasema ndiyo mama. Lakini kamati wakakata kipande kimoja wakanipa mimi: dereva anavyokagua gari kabla ya kuteremka mlima. Akasema, "Huyohuyo mzee. Usimguse sura."

Nje tulikuta mvua imeanza, tukajibanza barazani kusubiri ipungue. Hapo sasa ndipo nilipopata nafasi ya kusema niliyotakiwa kusema.

"Baba, nisamehe. Kwa lile koti. Na kwa maneno yale."

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Nilikuwa nimeshapanga na cha kukuambia. Halafu akatoka yule anayefuta taa." Akaangalia mvua. "Yule umemtoa wapi, kwa kalamu tu?"

"Kwa kalamu tu, baba."

"Na ametembea."

"Ametembea, baba."

Akatikisa kichwa, nikaona ana uso uleule wa mama jikoni siku ya kifaranga, uso wa mtu aliyetazamwa na kitu. Halafu akarudi kuwa baba. "Ila sauti hukuipata. Mimi siongei kwa pua."

Kwa hiyo nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba kazi ikishakamilika usiiguse kwa ajili ya rangi, na ukiigusa itazame tena mwanzo mpaka mwisho, hata kama gari linakuacha, likuache. Nimejifunza demo ni kioo, na kabla hujamwonyesha mtu ujue nani amesimama ndani yake. Na nimeweka nadhiri kwamba sitamwigiza tena binadamu yeyote bila kumwomba ruhusa, hata mama, hata muuza vitumbua wetu ambaye ana mwendo mzuri ajabu.

Ndiyo maana nilipoanza kile kipande cha kamati nilikwenda kwa baba nikamwomba kwa adabu zote kama ataniruhusu nimrekodi yeye mwenyewe, safari hii kwa ridhaa yake. Akasema atafikiria. Kesho yake asubuhi akatoka chumbani amenyoa ndevu, amevaa shati la Pasaka na viatu vya kanisani, akasimama uani mbele ya kamera, akavuta pumzi, akatembea mpaka kwenye ukuta na kurudi akiwa amenyooka kama fimbo ya bendera, kifua mbele, mabega sawa, mguu anaurusha kama askari wa gwaride, hajachechemea hata kidogo, jasho linamtoka. Mama alikuwa mlangoni amejifunika mdomo kwa khanga.

"Imetoka?" baba akauliza.

Nikaangalia kwenye kioo cha kamera. Hakukuwa na hata hatua moja ya kuchora.

"Imetoka, baba," nikasema. "Imetoka vizuri sana."